Mjomba anataka kuweka mikorosho rehani ili nikajitolee kufundisha kuchora nje

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Mikindani. Marehemu baba alikuwa mchonga vinyago. Alitoka Newala akashuka pwani kufuata wateja, na mimi nimekua nikifagia vumbi la mpingo miguuni pake. Nilisoma stashahada ya sanaa Bagamoyo, na huu ni mwaka wa tatu nafundisha kuchora na ufinyanzi katika sekondari moja ya huku kwetu. Sijaajiriwa. Wazazi wanachanga posho, shilingi 120,000 kwa mwezi, inapopatikana. Nina wanafunzi 19 wa kidato cha nne watakaofanya mtihani wa sanaa mwezi Novemba.

Mwaka juzi shule ilipata mgeni wa kujitolea, dada mmoja kutoka Ujerumani, akakaa nasi miezi kumi na moja. Tulizoeana sana. Sasa ameniandikia kwamba shirika lililomleta linapokea pia vijana wa huku kwenda kwao kwa mwaka mmoja, kupitia mpango wa kujitolea wa Ujerumani uitwao weltwärts. Kuna sekondari katika mji mdogo inataka mtu wa kusaidia vipindi vya sanaa. Nauli, bima, chumba na posho ni juu yao. Sharti ni umri, miaka 18 hadi 28.

Hapo ndipo penye mtihani. Mchumba wangu naye anafundisha kuchora, na jioni anaandika mabango ya maduka. Ana miaka 31. Nilipomsomea barua alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu akaja na habari ya wakala mmoja wa Dar aliyempata kwenye kundi la WhatsApp. Huyo anapeleka walimu wa kujitolea wa sanaa nchi moja ya Asia, wawili wawili, miezi mitatu. Kila mmoja alipe shilingi milioni 4 na laki 2. Anasema baada ya miezi mitatu tunabadilishiwa kibali na kupata ajira hukohuko.

Mama anasema hajapata kusikia mtu kupanda ndege kwenda kufanya kazi ya bure. Mjomba, ambaye kwetu ndiye mwenye neno, anaona mtoto wa kike asiende peke yake, kwa hiyo twende wote wawili kwa huyo wakala. Yuko tayari kuweka rehani shamba la Tandahimba, mikorosho 60. Msimu bado, lakini kuna mtu wa kangomba, hawa wanaonunua korosho kabla ya mnada, ameshatamka kutoa hela.

Na liko jambo la pili ambalo sijamwambia mtu. Dada yule ameniomba nikifika niwafundishe wanafunzi wake kutengeneza lipiko, ile barakoa ya jando ya Wamakonde. Baba alipokuwa akichonga mapiko hakuniruhusu hata kusogea. Mimi ni mwanamke. Nifanyeje?

Binti Mchongaji, Mikindani

*

Marahaba mwanangu.

Kabla ya yote, kamwambie mjomba wako asiiguse mikorosho ile. Mwambie leo, kabla mtu wa kangomba hajarudi na bahasha. Unajua vizuri kuliko wasomaji wa mikoa mingine rehani ya shamba ina maana gani: aliyetoa hela ndiye anayeokota korosho msimu huu, na ujao, na unaofuata, mpaka deni lilipwe. Na deni litalipwaje wakati shamba lenyewe ndilo lingelipa? Mwenye kangomba ananunua kabla ya mnada kwa bei ya shida yako. Nimefundisha Lindi zaidi ya miaka thelathini, na nimeona watoto wa watu wakisimama kwenye mpaka wa shamba la babu yao wakitazama wageni wanaokota. Mkorosho unamlea mtu na kumlea mwanawe. Hauwekwi mezani kwa safari ya miezi mitatu.

Sasa kuhusu wakala. Sina haja ya kumjua ili nikuambie umwepuke, kwa sababu maneno yake mwenyewe yanatosha. Mtu anayekwenda kujitolea anatoa nguvu na muda wake. Akidaiwa milioni 4 na laki 2 juu ya hapo, ujue kazi imeshageuka kuwa bidhaa, na mnunuzi ni wewe. Lililonitisha zaidi ni ile ahadi ya kubadilishiwa kibali. Mtu anayeingia nchi ya watu kama mgeni wa kujitolea kisha akaachwa afanye kazi bila kibali cha kazi hana pa kushitaki akinyimwa mshahara au akinyang'anywa pasipoti. Ndivyo wengi walivyonaswa. Nchi yetu ina sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu tangu mwaka 2008, lakini sheria hiyo ni ngumu kukufikia ukiwa umefungiwa kwenye nyumba ya mtu ng'ambo. Wakala wa kupeleka watu kazini nje anatakiwa awe na leseni ya serikali. Mchumba wako aende ofisi ya kazi ya mkoa, Mtwara mjini, na jina la huyo bwana. Aulize pia jina la shule, jina la mkuu wa shule, na nani anawalipia chumba. Mtu mkweli huyajibu hayo kabla hajataja pesa.

Mama yako ameuliza swali zuri kuliko wote, ingawa amelisema kwa hasira. Kazi ya bure ni ipi? Mimi nadhani haipo. Kila anayejitolea kuna mtu anayembeba. Sisi wa Lindi tunalijua hilo kwa mfano mmoja mkubwa. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, dinosaria, huko Tendaguru. Zaidi ya tani 200 zilikwenda Berlin, na mjusi mmoja amesimamishwa makumbusho kule, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Wasomi walisifiwa. Lakini mifupa ile ilifikaje bandari ya Lindi? Kwa vichwa na mabega ya wapagazi, safari ya siku kadhaa porini, mzigo kwa mzigo, miaka mitatu na zaidi. Kwa hiyo kila ninaposikia neno kujitolea, huwa nauliza nani amebeba mzigo. Katika njia ya wakala anabeba mjomba, na mikorosho yake. Katika njia ya dada yule, kwa jinsi ulivyoeleza, inabeba serikali ya nchi inayokupokea. Mpango huo wa weltwärts unaendeshwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za wizara yao ya ushirikiano wa maendeleo. Ulianza mwaka 2008 kwa kuwaleta vijana wao kwetu, na tangu mwaka 2013 ukafungua mlango wa pili, vijana wa kwetu kwenda kwao. Mlango huo umechelewa, lakini upo, na ni haki yako kuupita.

Ushauri wangu basi ni kwamba uende, na uende kwa mlango huo. Ila usiende ukiwa umefumba macho.

La kwanza la kufumbua macho ni hilo neno mwalimu. Kule mtu haitwi mwalimu wa sekondari mpaka asome chuo kikuu, kwa kawaida masomo mawili ya kufundishia, kisha apitie mafunzo ya kazini ambayo katika majimbo mengi ni ya mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Wewe utakuwa msaidizi. Zitakuwepo siku za kuosha brashi na kukanda udongo, na siku za kukaa na mtoto mmoja aliyekataa kuchora. Hutapewa darasa peke yako wala hutasahihisha mitihani. Nakuambia mapema kwa sababu huku wewe ndiye somo zima la sanaa la shule, na kushuka kutoka hapo kunauma. Mwombe dada yule akuandikie ratiba ya wiki moja ya kawaida, kuanzia Jumatatu asubuhi. Muulize kama ule umri wa miaka 28 unahesabiwa siku ya kuomba au siku ya kuanza, maana kwako miezi ni hesabu. Muulize nani utampigia ukiugua usiku. Anza na Kijerumani sasa hivi. Dar kuna Goethe-Institut wanaofundisha, lakini hata kabla ya kufika huko unaweza kuanza na yale maneno aliyokuachia mgeni wenu. Bila lugha utakuwa pambo darasani.

Nimewapokea wageni wa kujitolea watatu katika shule niliyofundisha, na nimejifunza kwao jambo ambalo hawakukusudia kunifundisha. Mmoja alikuja na sanduku la rangi za maji, nzuri ajabu, na karatasi nene. Wanafunzi walichora kama walioponywa. Rangi zikaisha, naye akaondoka, na Lindi nzima hapakuwa na duka la kuuza rangi kama zile. Watoto wakaniambia, "Mwalimu, kuchora kumeisha." Sentensi hiyo sijaisahau. Mwingine alikuja mikono mitupu. Wiki mbili za kwanza alikuwa anatembea tu na wanafunzi, anauliza hiki ni nini, kile mnakifanyia nini. Mwishoni wakawa wanachora kwa mkaa wa jikoni, wanafinyanga udongo wa bondeni, na msimu wa korosho ulipofika wakachora kwenye vipande vya shuka kwa maji ya mabibo. Mtoto yeyote wa kusini anajua doa la bibo halitoki. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba doa lile ni wino. Vile vitambaa vingine bado ninavyo.

Wewe nenda kama huyo wa pili. Wiki za mwanzo tembea na watoto wa kule, wakuonyeshe mji wao. Usibebe magogo ya mpingo kwenye begi. Mpingo uko katika orodha ya kimataifa ya miti inayodhibitiwa biashara yake, utasumbuliwa bure kiwanja cha ndege, na hata hivyo ni mti mgumu mno kwa mkono wa mwanafunzi anayeanza. Beba tezo ya baba yako kama unaweza, kwenye mzigo wa chini ya ndege, ili waione. Kisha wachongeshe kwa mti mwepesi unaoota kwao. Kama wanamjua mchoraji Tingatinga, na wengi hudhani sanaa yetu yote ni yeye, waambie kwamba naye alikuwa mtu wa kusini, wa Tunduru, na alianza kwa rangi ya baiskeli kwa sababu ndiyo iliyokuwepo.

Sasa lipiko. Nimelisoma swali lako mara nyingi kuliko mengine yote, na nimelala nalo siku mbili.

Mwaka 1906 bwana mmoja wa makumbusho ya Leipzig, Karl Weule, alishuka Lindi, akapita Masasi, akapanda mpaka Newala, huko alikotoka baba yako. Vita vya Majimaji vilikuwa havijapoa. Alikusanya vitu vingi, akarekodi nyimbo, na akafanya jambo moja ambalo mwalimu wa kuchora kama wewe ni lazima ulijue: aliwapa watu karatasi na penseli akawaambia wachore. Wapagazi wake nao walichora. Michoro ile aliondoka nayo. Kwa hiyo wewe si wa kwanza kukutana na Mjerumani kwenye karatasi ya kuchorea, mwanangu. Tofauti ni kwamba safari hii wewe ndiye unayekwenda, na penseli iko mkononi mwako. Una uwezo wa kusema hiki natoa na hiki sitoi.

Dada yule hakukuomba kwa ubaya. Yeye ameona lipiko kama barakoa nzuri. Hajui kwamba ni la jando, kwamba linachongwa faraghani na wanaume, na kwamba mwanamke anayelishangilia uwanjani hapaswi kujua ni nani aliye ndani. Baba yako alikufukuza si kwa kukuchukia. Alikuwa analinda mlango. Najua wapo wachongaji leo wanaouza mapiko kwa watalii barabarani na dunia haijaanguka. Wapo pia wanawake wanaoshika patasi, na mimi nawapenda kwa hilo. Lakini kuuza ni jambo moja, na kusimama mbele ya watoto wa watu ukasema hivi ndivyo linavyotengenezwa, nimetumwa na kwetu, ni jambo lingine. Hilo la pili linahitaji aliyekutuma.

Kwa hiyo muulize mjomba. Unaona sasa kazi yake halisi katika safari hii? Amekuwa anatafuta namna ya kukusaidia, na watu wamemwonyesha mikorosho tu. Nenda Tandahimba, kaa naye chini, mwambie: "Mjomba, nimeombwa nifundishe lipiko Ulaya. Lipi katika kazi za baba linaweza kutoka na lipi libaki?" Uwe na daftari. Huenda akasema hapana, na ikiwa hapana, mwandikie dada yule wazi kwamba hilo halifundishwi na mtu kama wewe, na umweleze kwa nini. Wanafunzi wake watajifunza zaidi kutokana na hapana hiyo kuliko wangejifunza kwa kukata maboksi na kubandika nywele. Huenda pia akakupa mengine badala yake. Ile michongo ya ujamaa, watu waliopandana na kushikana katika gogo moja, haina mlango wa siri. Darasa la watoto ishirini wanaweza kuchonga mmoja pamoja, kila mtoto mtu wake. Na vyungu vya bibi zako je? Ufinyanzi ni wa wanawake kwetu toka zamani, na wewe unaufundisha tayari. Hapo huhitaji ruhusa ya mwanamume yeyote.

Nimemwacha mchumba wako mpaka sasa kwa sababu jambo lake linaniuma. Yeye si mwizi wala mjinga. Ni mtu aliyesomewa barua yenye mlango ambao yeye hawezi kuingia, kwa kosa la kuzaliwa miaka minne mapema, na akakimbilia mlango wa kwanza alioonyeshwa. Usimcheke wala usimfiche chochote. Lakini usikubali pia kwamba kipimo cha upendo wako ni kukataa nafasi hii. Mwaka mmoja si mwingi kwa watu wanaotaka kuoana. Wanaume wa kusini wamekwenda mkongeni Tanga miaka wakasubiriwa. Kama akisema ukienda basi, hilo nalo ni jibu, na ni afadhali ulisikie ukiwa Mikindani kwa mama yako.

Yapo mashirika mengine ya kujitolea yasiyo na ukomo huo wa umri, yanayotaka watu wenye ujuzi na uzoefu, na yeye anao. Atafute taratibu, kwa kipimo kilekile cha nani anabeba. Kwa sasa lakini ipo kazi kubwa mbele yake ambayo hakuna mwingine wa kuifanya.

Wale watoto 19. Umewataja kwa mstari mmoja tu, ukapita. Mimi siwezi kupita. Hao ndio wapagazi wa safari yako wasipoangaliwa. Tuseme unaondoka Agosti, na mtihani ni Novemba, nani atakuwa nao? Mwandikie dada yule kwamba utaanza baada ya mtihani wa kidato cha nne, na uulize kama shirika lao linakubali. Likikataa, basi mchumba wako awachukue, na umwombe mkuu wa shule mbele ya kamati ya wazazi ile posho ihamie kwake toka siku ya kwanza. Msikabidhiane kwa mdomo. Mwachie orodha ya majina, mwachie kazi za vitendo za kila mmoja na mahali alipofikia, na mkae naye darasani wiki mbili wote pamoja ili watoto wamwone akiwa na wewe. Wa kidato cha tatu nao wajue utarudi lini, tarehe, si "Mungu akipenda" peke yake.

Kwa mama, usimpelekee maneno mengi. Msomee barua ile kwa Kiswahili neno kwa neno, sehemu ya chumba, sehemu ya bima, sehemu ya tiketi ya kurudi. Nadhani kinachomtia hofu ni hiyo tiketi ya kurudi.

Mnada wa kwanza ukifunguliwa Oktoba, mjomba akapeleke korosho zake chama cha msingi cha ushirika kama kawaida. Wewe ukipanda Tandahimba kumuuliza habari ya lipiko, nenda na kitambaa na kibuyu. Mabibo yatakuwa yameanza kuiva, na wino ule utawafaa watoto wako kwenye mazoezi ya mwisho.

Niandikie alichosema mjomba.